MAMA ALIYEPASULIWA GOITA

 Leo tutasema juu ya mama anayetoka kupasuliwa goita, ile wengine wanaita rovu. Wengi wanafikiri kisu kikiisha, kazi imeisha. Hapana, haijaisha.

Katika milima yetu ya Kivu, na zaidi katika kisiwa cha Idjwi, tangu zamani goita ilikuwa nyingi sababu udongo na maji vinakosa iodi. Ndiyo maana tunawaambia munue chumvi yenye iodi. Lakini kwa wengine goita inakuwa kubwa mpaka inabana pumzi, na munganga anapasua.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya goita Mungu ameweka vitezi vidogo, mara nyingi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kuchunga kalisiumu katika damu. Kalisiumu si ya mifupa na meno tu. Mishipa na nyama za mwili zinaihitaji ili zisikazane. Hata munganga awe fundi, vitezi hivi vinaweza kuumia, kukosa damu, ao kutolewa pamoja na goita. Basi kalisiumu inashuka, zaidi katika siku tatu za kwanza.

Alama ni hizi:
1. Midomo na ncha za vidole vinakufa ganzi, ao mama anasikia kama sisimizi wanatembea.
2. Mikono na miguu inakazana, vidole vinajikunja, haviachii.
3. Koo linabana pumzi, ao mama anashikwa na degedege.

Nilipokuwa muuguzi kijana, mama mmoja aliniambia usiku, “Mamuzeli, midomo yangu iko na sisimizi.” Nikamujibu, “Ni woga tu, lala.” Asubuhi mikono yake ilikuwa imekunjamana, na jamaa walisema ni pepo. Munganga akamupa kalisiumu pole pole katika mshipa, na mikono ikafunguka mbele ya macho yetu. Haikuwa pepo, haikuwa woga. Tangu siku ile ninafundisha wanafunzi wangu: mama akisema, umusikilize.

Na vitamini D je? Ndiyo inafungulia kalisiumu mlango ili itoke tumboni na kuingia katika damu. Mama aliye na vitamini D kidogo mbele ya kupasuliwa, hatari yake ni kubwa zaidi. Jua likipiga ngozi, mwili wenyewe unaitengeneza. Kwa hiyo mama anayengoja kisu asijifungie nyumbani. Akae inje, mikono na miguu wazi. Ale sambaza ao ndagala nzima pamoja na mifupa yake, lengalenga, mayai, na maziwa akipata.

Kisha kupasuliwa, asikimbilie kurudi nyumbani. Vidonge vya kalisiumu na vitamini D, avimeze kama munganga alivyoandika. Asiviache sababu anasikia nafuu. Kama amepewa pia kidonge cha kushika nafasi ya goita iliyotolewa, asikimeze pamoja na kalisiumu. Aache saa 4 katikati, maana kalisiumu inakizuiza kufanya kazi.

Na alama zikitokea nyumbani, musingoje kesho, musipoteze wakati kutafuta nani amemuroga. Mumulete hospitali usiku ule ule. Dawa iko.