Ukoo wa Kereng'ende kwa Upande wa Mama

Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, Shimba Hills ikiwemo, yuko kereng'ende mrefu, mwembamba, aitwaye Coryphagrion grandis. Hatagi mtoni wala bwawani. Hutafuta tundu la mti lililojaa maji ya mvua, na humo watoto wake hukua wakila viluwiluwi vya mbu.

Wataalamu walisumbuka kujua wamtie ukoo gani, maana Afrika hana nduguye. Wanaofanana naye wako Amerika ya Kati na Kusini, wale majitu wa familia ya Pseudostigmatidae. Mmoja wao, Megaloprepus, akikunjua mabawa hufika sentimita 19. Nao pia huzaliana matunduni. Ila kufanana si udugu. Popo naye huruka kama ndege. Maisha ya tunduni yangeweza kuchonga umbo lilelile mara mbili, huku na huko.

Hapo ndipo mitokondria huitwa kutoa ushahidi. Hivi ni vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, vyenye vinasaba vyake mbali na vile vya kiini: duara la herufi zipatazo 15,000, jeni 37, zinazorithiwa kwa mama. Nakala zake ni tele katika kila seli, kwa hiyo mguu mmoja uliotumbukizwa kwenye ethanoli unatosha. Mwenyewe unamwachia aende zake na mitano iliyobaki.

Mwaka 2007, Groeneveld, Clausnitzer na Hadrys walichapisha ulinganisho wa vinasaba vya mitokondria na vya kiini. Jibu: Coryphagrion ni wa ukoo wa wale majitu wa Amerika. Wakamwona kuwa ni mabaki ya Gondwana, tangu Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa nchi kavu moja.

Narudia: na vya kiini. Hata ukizisoma jeni zote 37, bado umemhoji shahidi mmoja. Spishi mbili zikichanganya damu, habari za baba hazimo. Tena mitokondria ya wadudu imejaa herufi A na T, kiasi kwamba za spishi mbili zaweza kufanana kwa bahati tu. Mti wa ukoo uliochorwa kwa vinasaba vya mitokondria peke yake, mimi huusoma kalamu ya risasi mkononi.

Kereng'ende mwingine, Pantala flavescens, ni kinyume cha huyu wa tunduni. Mwaka 2009 Charles Anderson, aliyekuwa akiwachunguza Maldivi, alipendekeza kwamba huvuka bahari kutoka India hadi Afrika Mashariki kwa upepo uleule wa kaskazi ulioleta majahazi. Mwaka 2016 jeni moja ya mitokondria, COI, ililinganishwa kwa wadudu wa Amerika, India na Japani. Wamechanganyika hata huwezi kumtambua mtu na kwao.

Jeni moja, lakini. Ili nyingine nazo zisomwe, kaskazi ijayo anayeishi pwani na aweke miguu kadhaa ya Pantala kwenye ethanoli, akiandika tarehe na mahali kwa penseli. Wino huyeyuka humo. Nimepoteza sampuli za msimu mzima kwa kosa hilo.