Kumwandaa Mwanafunzi Kuwa Raia wa Ulimwengu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi katika juma la Jubilei)



Tukitaja raia wa ulimwengu, wazazi wengi hufikiria Kiingereza fasaha na pasi ya kusafiria. Vyote vina faida, lakini mtu aweza kuwa navyo na bado asimjali yeyote nje ya ua wake.

Hapa Kagera tunao mfano wa karibu. Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925, alisoma Ujerumani na Marekani, kisha akarudi kuwatumikia watu wake. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam, likamchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wanafunzi wa Soweto wapigwe risasi. Mkutano ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la kukiri imani. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Damu ya watoto wa Soweto ilikuwa imehesabiwa kuwa damu ya ndugu.

Lakini kumlilia aliye mbali ni rahisi kuliko kumpokea aliye mlangoni. Mwezi Aprili 1994, katika muda wa siku mbili hivi, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia Ngara. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni, na maji yakawa haba. Tusiwafiche watoto wetu kwamba ukarimu una gharama, na kwamba si kila mwenyeji aliendelea kuwatazama wageni wale kwa jicho la upendo.

Basi, ndugu zangu, somo la uraia wa ulimwengu halihitaji kitabu kipya. Mwalimu wa historia afundishe habari za Rusumo pamoja na za Soweto. Mwanafunzi ajue vema lugha na mila za kwao, ili aheshimu za wengine. Nasi tunaoingia miaka mia ya pili, tuazimie jambo moja: mtoto akibisha hodi katika shule yetu, asiulizwe kwanza baba yake alivuka mpaka upi. Aonyeshwe dawati.