Dhoruba, Kandili na Nyumba Kumi

(Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe yetu ya Uhuru, Jumamosi 14 Desemba 2024)

    

Tumepewa dakika kumi tuseme juu ya maisha ya familia zetu huku ugenini katika majira haya ya baridi. Tulikuwa tumeandika hotuba nyingine, ya kusoma Jumamosi iliyopita. Ile tumeiacha nyumbani. Wote mnajua kwa nini sherehe ya tarehe 9 tunaifanya tarehe 14, basi tutasema juu ya hilo hilo.

Ijumaa ya tarehe 6 nyumba yetu nzima iligeuka jiko. Tuliokuwa zamu ya chakula tulikuwa wanawake sita na wanaume wawili. Mbuzi alikwisha kutiwa tangawizi na limao, mchele umechaguliwa, sambusa zinakunjwa, vitunguu vinatutoa machozi. Saa moja kasorobo jioni simu zote zilizokuwa mezani zikalia kwa pamoja, kwa sauti kama king'ora. Mmoja wetu akadondosha kisu. Mtoto akauliza kama ni vita. Kumbe ni tahadhari ya serikali, iliyotumwa kwenye simu za watu wapatao milioni 3 katika Wales na kusini magharibi ya England: dhoruba Darragh inakuja, tahadhari ni nyekundu kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi, watu wakae ndani.

Watoto wetu wanajua kwamba dhoruba za huku hupewa majina kwa kufuata alfabeti. Mwaka huu tumeshampitisha Ashley, kisha Bert, aliyeingiza maji ndani ya nyumba na maduka ya Pontypridd mwishoni mwa Novemba, kisha Conall, na sasa Darragh. Kule nyumbani miezi hii ni ya vuli. Ni mvua za kupandia, na mtu akizikosa huanza kuhesabu debe za mahindi zilizobaki. Huku majani yakishapukutika ndipo upepo unapokuja kuitikisa miti iliyobaki uchi. Mwenyekiti alipopiga simu kusema sherehe imeahirishwa, kuna walionung'unika kwamba tumeogopa upepo. Asubuhi yake upepo ulipimwa maili 93 kwa saa huko Capel Curig, daraja la Severn likafungwa, na watu wawili katika nchi hii walipoteza maisha baada ya miti kuangukia magari yao. Ndugu Mwenyekiti, uamuzi wako ulikuwa sahihi. Tunakushukuru.

Umeme ulikatika kabla ya alfajiri. Tukajifunza jambo ambalo wengi hatukulijua: boila ya kupasha nyumba joto, hata kama inatumia gesi, bila umeme haiwaki. Majiko ya umeme yamekufa, friji imenyamaza, na sisi tuna chakula cha watu 120 ndani ya nyumba. Kwa bahati jiko letu ni la gesi, na moto wake unawashwa kwa kiberiti. Upepo ulipopungua mchana, familia nne zilizo karibu zikaja kwa miguu na mablanketi yao. Tukawa watu 19 katika nyumba ya vyumba vitatu.

Kijana wetu mmoja, kwa nia njema, akataka kuingiza ndani lile jiko la mkaa la kuchomea nyama ili tuote moto. Bibi aliyekuwepo akamkemea pale pale. Alisema kwao watu wamelala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa, na hawakuamka. Vijana, lisikieni hilo mara moja na mlishike: moshi wa mkaa mnauona, lakini gesi yake inayoua haionekani wala hainuki. Mkaa ni wa nje. Baridi ina dawa yake, nayo ni blanketi, chai ya tangawizi na kukaa pamoja.

Saa kumi jioni giza likaingia. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, mzee wa Wales, mkononi ana kandili. Kandili kabisa, la mafuta ya taa, lenye chemni na utambi. Lilikuwa la baba yake. Alisema ameona nyumba imejaa watoto, naye anayo tochi, inamtosha. Miaka tisa tumekaa ukuta kwa ukuta na mzee huyu, na salamu yetu ilikuwa ya kupungiana mkono siku ya kutoa taka. Tukamwingiza ndani, akala pilau, akaongezwa, akala tena.

Watoto walilizunguka lile kandili kama wameona mnyama wa porini. Nasi wakubwa tukaona mikono yetu bado inakumbuka: kukata utambi sawasawa, kufuta chemni kwa karatasi, kupunguza moto ili lisitoe masizi. Wengi wetu tulisomea mitihani ya darasa la saba kwa mwanga wa namna hiyo. Simu zikazimika moja baada ya nyingine. Kwanza watoto walihangaika, kisha mmoja akasema, "Kitendawili!" na nyumba nzima ikajibu, "Tega!" Wapo waliotega kwa Kiswahili chenye makengeza, lakini walitega. Mzee wa Wales hakuelewa hata neno moja, akacheka kuliko wote.

Baadaye mtoto wa miaka kumi akauliza kwa nini sherehe ilikuwa ipikiwe chakula kingi hivi. Uhuru ni nini? Tukatazamana. Akajibu babu mmoja, mzaliwa wa Moshi, ambaye mwaka 1961 alikuwa na miaka minane. Akawaambia kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, bendera ya Mwingereza iliposhushwa Dar es Salaam na ya Tanganyika kupandishwa, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro. Mtoto akauliza, "Babu, uliuona?" Babu akasema, "Mimi nilikuwa nimelala. Mama aliniambia asubuhi. Lakini tangu siku ile kila nikitazama mlima, nauona." Wenzetu wa Zanzibar waliokuwepo, ambao sherehe yao ni 12 Januari, wakasema basi mwezi ujao zamu ya kuhadithia ni yao, na biriani ni juu yao. Mashahidi ni watu 19, hawawezi kukana.

Hiyo ndiyo sehemu tamu. Sasa tuseme na chungu, maana tukiinyamazia tutakuwa tumedanganya.

Jumapili jioni, tunagawa chakula kilichobaki, mmoja wetu akauliza: "Mama yetu wa kule juu kilimani, nani amempelekea?" Kila mtu alimtazama mwenzake. Mama huyu mnamfahamu, hatutamtaja. Anaishi peke yake tangu mumewe afariki, watoto wake wako miji ya mbali. Kila familia ilidhani familia nyingine imempigia. Tulipofika tulimkuta kitandani na koti na viatu, umeme haujarudi tangu Jumamosi alfajiri, simu imezimika, na chakula chake kilikuwa mkate na maji baridi. Siku mbili. Wanawe walikuwa wanampigia bila kumpata, wanalia huko waliko. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi ndio tuliokuwa fimbo ya karibu, na hatukuinuliwa.

Alipotuona hakulalamika. Alisema, "Nilijua mtakuja, ila nilidhani ni jana." Maneno hayo hatujayasahau wiki nzima. Yu hai, yu mzima, na leo amekaa nasi humu ukumbini. Lakini tungeweza leo kuwa tunachanga kwa jambo jingine. Jumuiya hii tuna sifa ya kuchanga haraka mtu akifariki. Mama huyu alihitaji wiki iliyopita chupa moja ya chai.

Tukajiuliza, nyumbani ingekuwaje? Nyumbani tuna balozi wa nyumba kumi. Mfumo ule ulianzia kwenye chama cha TANU miaka ya sitini, na wengi tunamkumbuka balozi kwa kugonga mlango akiuliza mgeni wako ni nani. Tulimwona mwingi wa maswali. Lakini balozi alijua nani mgonjwa, nani amejifungua, nani hajaonekana tangu juzi. Tumevuka bahari tukaacha maswali yake, tukaacha na macho yake.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Tuna familia 47 katika orodha ya jumuiya. Tuzigawe kwa ukaribu wa mitaa, nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wao. Dhoruba ikitangazwa, balozi apige simu nyumba zake zote kabla ya giza, na apige tena asubuhi. Asiyepokea, aendewe, mara njia ikiwa salama. Kazi ya balozi iwe ya mwaka mmoja mmoja, na vijana waliofika miaka 16 wapewe pia.

Pamoja na hilo, kila nyumba iandike namba 105. Ni ya kupiga umeme ukikatika, nayo ni bure. Wenye wazee, wenye watoto chini ya miaka mitano, na wagonjwa wanaotegemea mashine, waombe kampuni inayosambaza umeme kwao iwaweke kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele. Hiyo nayo ni bure. Friza iliyojaa msiifunguefungue: ikiachwa imefungwa huhifadhi chakula kwa siku mbili hivi. Na simu ya mzee ichajiwe mapema.

Watoto wetu, neno la mwisho ni lenu. Mtasikia leo nyimbo na mtapeperusha bendera, na ni vizuri. Mkiulizwa shuleni Uhuru ni nini, semeni habari za mwenge wa Kilimanjaro. Kisha semeni na habari za kandili la jirani, na za mama aliyengoja siku mbili. Nchi yetu ilijitawala ili watu wake watunzane wenyewe, na kazi hiyo haikubaki uwanja wa ndege.

Krismasi imekaribia, na Ramadhani iko njiani. Mama wa kilimani ameshaalikwa nyumba tatu. Amesema atakwenda zote, na hatabeba chochote. Mzee wa Wales naye yuko pale meza ya mwisho. Ameuliza kama kuna pilau.

Pilau ipo.