Wingu la Jua Likiwa Njiani: Funzo la Agosti 1972

Tarehe 4 Agosti 1972, baharini kusini mwa Hai Phong, Vietnam, mabomu ya majini yaliyotegwa na Marekani yalianza kulipuka mfululizo bila meli yoyote kupita. Yaliundwa ili yafyatuke yakihisi badiliko la usumaku linaloletwa na chuma cha meli. Siku hiyo badiliko lilitoka kwenye jua.

Mlipuko wa jua hutuma vitu viwili visivyofika pamoja. Mwanga na eksirei hutufikia kwa dakika nane. Wingu lenyewe, yaani mabilioni ya tani za gesi yenye chaji za umeme iliyobeba uga wake wa sumaku, kwa kawaida huchukua siku moja hadi nne kumaliza kilomita milioni 150. Wala halipiti patupu. Huko kuna upepo wa jua, wenye kasi ya kilomita kama 400 kwa sekunde. Wingu lililouzidi mwendo hupunguzwa kasi, na lililo polepole kuliko upepo huo husukumwa.

Wingu la Agosti 1972 lilifika kwa saa 14.6 tu, na hadi leo ndilo linaloshikilia rekodi. Sababu ni kwamba mawingu ya siku mbili kabla yalikwisha kulifyekea njia. Tarehe 23 Julai 2012 hali kama hiyo ilijirudia, ila wingu lile lilikipiga chombo cha angani cha STEREO-A, dunia ikanusurika.

Sasa tazameni jambo hili, ambalo kwangu ndilo kiini cha mada. Pamoja na kasi yote ile, dhoruba ya sumaku ya 1972 ilishusha kipimo cha Dst, ambacho huzidi kushuka kadiri dhoruba inavyokuwa kali, hadi takriban nanotesla −125 tu. Machi 1989 kilishuka hadi −589, na watu milioni 6 wa Quebec, Kanada, wakakosa umeme kwa saa 9. Tofauti iko kwenye mwelekeo: uga wa wingu ukielekea kusini, huungana na uga wa dunia na nishati ikamiminika ndani. Ukielekea kaskazini, mlango huo karibu unafungwa. Uga wa wingu la 1972 ulielekea kaskazini kwa sehemu kubwa.

Kamera za chombo cha angani cha SOHO hutuonyesha ukubwa na kasi ya wingu mapema, lakini hazituonyeshi mwelekeo huo. Tunaujua kwa uhakika wingu linapovipitia vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na hapo hubaki dakika 15 hadi 60.

Sisi wa ukanda wa ikweta tunalihisi hili kwenye GPS, kwa kuwa tabaka la ayonosfia juu yetu huvurugika kwa urahisi. Napendekeza wapima ardhi na waongozaji wa ndege wetu wapelekewe moja kwa moja vipimo vya vyombo hivyo, saa hiyo hiyo vinapopokelewa, badala ya kutegemea tu taarifa za mlipuko zinazotoka siku mbili kabla.