Nyumba ya Ufuoni na Msimu wa Vimbunga



Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu. Mada niliyopewa jioni hii ni namna mtu mwenye nyumba kando ya bahari anavyoukabili msimu wa vimbunga. Najua kuna walioanza kuulizana chini chini, kimbunga gani tena, sisi huku tuna kusi na kaskazi, basi. Na ni kweli. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, na karibu na ikweta kimbunga hakipati nguvu ya kujizungusha. Ndiyo maana tumejenga ufuoni miaka na miaka tukilala usingizi wetu.

Lakini wako kati yetu wenye kaka, dada au mpwa aliyehamia Marekani, na mtu wa pwani popote aendapo huitafuta bahari. Akipata uwezo wa kununua nyumba Florida au Texas, moyo wake utamvuta huko huko kwenye maji. Mtu kama huyo ndiye ninayemzungumzia, na wewe msikilizaji ndiye utakayempigia simu. Tena tusijione tuko mbali sana. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaziharibu merikebu za Sultan Barghash na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa mbele kwa karafuu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi kisiwa cha Mafia, Tanzania, na sisi huku Kenya tukapewa tahadhari. Kwa hivyo maneno haya si ya wageni watupu.

Haya, twende Marekani. Msimu wao huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Vimbunga hupewa daraja, kuanzia la 1 hadi la 5. Daraja la 1 ni upepo wa kuanzia kilomita 119 kwa saa, la 5 ni kuanzia kilomita 252. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea: daraja hilo hupima upepo peke yake. Halisemi lolote juu ya maji. Na mwenye nyumba ya ufuoni adui yake wa kwanza ni maji.

Sisi twajua bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hujaa ikafika kule isikofika siku za maji mafu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa inaweza kupita mita 3, na nyumba na magati yetu yamejengwa na watu walioijua hesabu hiyo. Kwenye Ghuba ya Mexico mambo ni mengine. Maji ya kawaida huko hupanda kidogo tu, mara nyingi hata mita moja hayafiki, basi watu wakajenga chini kabisa, sebule na bahari zikitazamana. Kikija kimbunga, upepo huisukuma bahari kuelekea nchi kavu, na kwa kuwa maji ya pale si ya kina kirefu, hayana pa kwenda isipokuwa juu. Ni kama bamvua isiyofuata mwezi, inayoingia mpaka chumbani na mawimbi yakiwa juu yake. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Hebu fikiria ukuta wa mbao ukigongwa na uzito huo, tena na tena, saa kadhaa.

Mwaka 2008 kimbunga Ike kilifika pwani ya Texas kikiwa daraja la 2. Daraja la 2! Mtu akisikia hivyo husema ah, hiki cha wastani, nitafunga madirisha nikae. Kumbe kilikuwa kipana mno na kilikuwa kimeisukuma bahari siku nyingi. Kwenye rasi ya Bolivar maji yalipanda kati ya futi 15 na 20, na mitaa mizima ya nyumba ikabaki nguzo na mchanga. Tarehe 28 Septemba 2022 kimbunga Ian kiliingia kusini-magharibi mwa Florida, na Fort Myers Beach ikapata maji ya futi 10 hadi 15 juu ya ardhi. Watu zaidi ya 140 walikufa Florida kwa kimbunga hicho, na wengi wa waliozama walikuwa wazee waliokuwa majumbani mwao.

Kwa nini mtu asiondoke, na amri ya kuhama imetolewa? Tusiwacheke. Mwenye nyumba huangalia nyumba yake kama anavyomwangalia mgonjwa, hawezi kuiacha. Ameweka humo pesa za miaka 30. Anaogopa wezi. Ana mama asiyeweza kupanda gari masaa mengi. Tena yuko aliyehama mara tatu na mara zote kimbunga kikapinda njia, akarudi akakuta hata chungu cha maua hakikusogea, na pesa za hoteli zimekwenda. Mara ya nne anakaa. Na barabarani nako kuna hatari yake: Septemba 2005, wiki chache baada ya Katrina kuigharikisha New Orleans, watu wa Houston na vitongoji vyake walikimbia kimbunga Rita kwa mamilioni, magari yakakwama barabarani kwenye joto kali, na wako waliofia njiani.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na ningependa ulishike hili kuliko yote. Si lazima ukimbie mkoa mzima. Maji ndiyo unayoyakimbia. Upepo unaweza kujificha nao ndani ya nyumba imara. Miji ya pwani ya Florida imegawanywa maeneo ya kuhama, hupewa herufi, A ndiyo ya kwanza kuambiwa itoke. Mtu akijua herufi yake tangu Mei, na akajua rafiki au jamaa anayekaa nje ya maeneo hayo kwenye nyumba nzuri, pengine safari yake ni kilomita 20 au 30 tu. Mama mgonjwa anaweza safari hiyo. Mfukoni pia inawezekana. Lakini lazima jamaa huyo awe ameshaombwa mapema, si kugongewa mlango usiku wa mvua.

Sasa nyumba yenyewe. Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliipiga Florida ya kusini na maelfu ya mapaa yakaruka, mengine kwa sababu yalipigiliwa ovyo, mafundi walikuwa na haraka. Kuanzia 2002 Florida ikawa na sheria moja ya ujenzi kwa jimbo zima, kali zaidi. Kwa hivyo mtu akinunua nyumba huko, swali la kwanza si idadi ya vyumba. Aulize imejengwa mwaka gani, sakafu yake iko juu kiasi gani, na boriti za paa zimefungwa ukutani kwa vyuma au zimepigiliwa misumari tu. Upepo ukishapata pa kuingilia hulisukuma paa kutoka ndani. Mlango wa gereji ndio mara nyingi hutoa kwanza, kwa sababu ni mpana na mwepesi. Madirisha yafungwe kwa mabamba ya chuma au plaiwudi nene iliyokatwa na kutobolewa mapema. Kubandika gundi ya karatasi kwenye kioo kama msalaba ni kazi bure, kioo kitavunjika tu. Na kwa maji hakuna dawa ila kuinua nyumba. Mwaka 2018 kimbunga Michael kilipoifuta Mexico Beach, picha iliyozunguka dunia nzima ni ya nyumba moja nyeupe iliyosimama juu ya nguzo ndefu, majirani zake hawako.

Kuna bima pia. Masheikh wana maneno yao juu ya bima na mimi si mufti; lakini huko, nyumba ikiwa na mkopo wa benki na iko eneo la mafuriko, kwa kawaida bima ya mafuriko si hiari. Cha kujua ni kwamba bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko ni nyingine, na watu wengi huipata kupitia mpango wa serikali ulioanza 1968, ambao kwa nyumba ya familia hulipa si zaidi ya dola 250,000 kwa jengo. Tena kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Ukiiona kwenye televisheni picha ya kimbunga ndipo ukakimbilia bima, umechelewa. Na hata ya upepo, Florida kuna sehemu mwenye nyumba hubeba mwenyewe, mara nyingi asilimia 2 au 5 ya thamani iliyokatiwa. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 5 ni dola 15,000 kutoka mfukoni mwako kabla kampuni haijatoa senti. Baada ya Katrina, Mississippi nyumba nyingi zilibaki msingi mtupu, na mabishano ya kama ni upepo ulioanza au ni maji yakaenda mahakamani miaka. Mwenye bima zote mbili, na picha za kila chumba alizopiga kabla ya msimu, alikuwa na la kusema.

Atakuja mtu aseme, ya nini yote haya, si tutawakali? Sote tumesomeshwa chuoni habari ya yule bwana na ngamia wake. Alifunga kwanza.

La mwisho ni kurudi, na hapa nitakwenda mbio kwa sababu naona saa. Kimbunga kikishapita, umeme hukatika siku au wiki, na watu huwasha jenereta. Mwaka 2020 huko Louisiana, baada ya kimbunga Laura, moshi wa jenereta uliua watu wengi kuliko maji ya bahari. Moshi ule hauna harufu ya kukuamsha. Jenereta iwekwe nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, mbali na madirisha, si kwenye gereji hata kama mlango uko wazi. Usiwashe swichi kwenye nyumba iliyoingia maji mpaka fundi aione. Piga picha kabla ya kutoa kitu. Halafu usingoje mtu wa bima ndipo uanze kukausha: kuta za ndani za nyumba nyingi huko ni bodi za jipsamu, si matumbawe na chokaa kama za Mji wa Kale, na ukungu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Bodi zilizolowa hukatwa zikatolewa, kipande kikawekwa kando kama ushahidi.

Namwona muadhini ameshasimama. Mwenye swali tukutane barazani baada ya tarawehe, na mwenye jamaa huko aje na jina la mji anaokaa, tutazame ramani ya maeneo ya kuhama pamoja.