Siku Moja Lyme Regis
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu, nanyi vijana mnaokalia madawati yetu:

Nimeombwa niseme juu ya ziara yangu Uingereza. London mmeiona kwenye picha; nitawapeleka Lyme Regis, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Dorset. Unashuka treni Axminster, unapanda basi, na barabara inateremka hadi baharini. Nyumba za rangirangi zimebanana mlimani, na chini upo ukuta wa mawe uliopinda kama mundu, uitwao Cobb, unaoikinga bandari. Nilitembea juu yake. Upepo ulikuwa mkali. Chai yao siisemi.

Kilichonishika ni ufuko. Maji yakipwa, wakubwa kwa wadogo huinama wakitafuta visukuku vilivyoangushwa na maporomoko ya majabali. Nami niliokota amonaiti, jamaa wa kale wa ngisi na pweza, aliyegeuka jiwe.

Ufuko huo ndio uliomlisha Mary Anning, aliyezaliwa mwaka 1799. Baba yake, seremala, alikufa 1810 akaacha madeni. Binti akaokota visukuku na kuwauzia wageni. Kaka yake aliona fuvu la iktiosauri. Yeye, akiwa na miaka 12, akafukua mwili uliobaki. Mwaka 1823 akapata plesiosauri mzima. Mabwana wasomi walinunua, wakaandika, wakasifiwa. Chama cha Jiolojia cha London hakikupokea wanawake hadi 1919, naye alikufa 1847. Sanamu yake ilisimamishwa 2022, baada ya kampeni iliyoanzishwa na msichana wa shule. Msichana wa shule, vijana!

Mbele ya sanamu hiyo niliikumbuka Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu wetu walichimba mifupa ya dinosauri, wakaibeba hadi bandarini. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya meta 13. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Nani hapa amepata kulisikia jina hilo? Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mwalimu wa historia.

Amonaiti huyu namkabidhi mwalimu wa biolojia. Tena, Kidato cha Tatu, nimekwisha kukubaliana na Mwalimu Mkuu: gharama za gari la kwenda Tendaguru ni juu yangu, chakula mtachukua wenyewe. Chukueni na madaftari. Mkawaulize wazee wa vijiji vya huko majina ya babu zao waliochimba na kubeba, myaandike, mniletee.