Kunenepa kwa Sababu ya Dawa
(Hotuba ya Mwenyekiti wa Chama, Siku ya Kuadhimisha Miaka Kumi)

 

Hesabu za miaka kumi Katibu amekwisha kuzisoma. Hisa mmezisikia, mikopo mmeisikia, hapo haturudii. Sisi wa kamati tumeona leo tuseme jambo moja lililosumbua chama kuliko hata madeni, nalo ni unene unaoletwa na dawa.

Wengi mnajua yaliyompata mwenzetu anayetunza sanduku. Ameturuhusu mwenyewe tuseme, na yupo hapa ameketi. Alipata ugonjwa wa viungo, daktari akamwandikia prednisolone. Maumivu yakapungua, akaweza tena kusonga ugali na kubeba ndoo. Lakini baada ya miezi michache uso ukawa wa duara, mashavu yakajaa, tumbo likatoka mbele. Basi maneno yakaanza, kisimani, sokoni, mwisho yakaingia hata kikaoni: "Huyu ananenepa na hisa zetu." Jamani! Sanduku linakaa kwake, ndiyo, lakini lina kufuli tatu na funguo wanazo watu wengine watatu. Tulilifungua mbele ya wote tukahesabu mpaka sarafu, fedha zikatimia. Lakini aibu ilikuwa imekwisha kumwingia. Akaacha vidonge kimya kimya ili apungue. Haikupita muda akawa hana nguvu, anatapika, akisimama anaona kizunguzungu. Usiku ule tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki, akaponea chupuchupu.

Huko ndiko tulikoelezwa. Dawa hii inafanana na homoni ambayo mwili hutengeneza wenyewe. Ukiimeza kwa muda mrefu, mwili unapunguza kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla, unabaki huna hii wala ile. Anayeishusha ni daktari, kidogo kidogo. Na unene wake una mambo matatu: njaa inaongezeka, mafuta yanahamia usoni na tumboni, na mwili unashika chumvi na maji. Kwa hiyo mtu anaweza kufura mashavu na hajala cha mtu.

Siyo dawa hiyo peke yake. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu huwanenepesha baadhi yetu, wengine haiwafanyi kitu. Dawa za kisukari kama insulini na glibenklamidi nazo zimo, na baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili. Dawa za kufubaza virusi zenye dolutegravir, zilizoanza kutolewa hapa Tanzania mwaka 2019, zimeonekana kuongeza uzito, kwa wanawake kuliko wanaume. Hapo tuelewane: aliyeanza dawa za virusi akiwa amekonda, sehemu ya uzito ule ni afya inarudi. Asiuogope.

Sasa hiyo njaa. Njaa ya dawa si ya tumbo tupu. Umekula saa saba, saa nane unatafuta kiporo. Mtunza sanduku wetu alifundishwa aanze na mboga za majani na maharage, ugali ufuate nyuma. Apakue mara moja kwenye sahani ndogo, sufuria ibaki jikoni. Atafune polepole, maana shibe inachelewa kufika, kama dakika 20 hivi. Akitaka kuongeza, anywe kwanza kikombe cha maji angoje. Chumvi apunguze. Hakuna cha kununua hapo, na kwake kimesaidia.

Sukari ndiyo adui mkubwa. Sisi ni watu wa hesabu, basi tuhesabu: chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hivyo ni vijiko tisa, na soda moja ya chupa ina karibu vijiko vinane vingine. Kikaoni tuliondoa soda na maandazi tukaweka maji na machungwa. Kuna walionuna mwezi mzima, tunawajua, na leo tumewakaangia sambusa kwa kuwa ni sikukuu.

Lakini wenye kisukari wanaotumia insulini au glibenklamidi wasiruke mlo kwa kutaka kupungua. Sukari inaweza kushuka mno, mtu akazimia. Na anayeona sindano ya uzazi inamzidi aende akaseme abadilishiwe. Kitanzi cha madini ya shaba hakina homoni kabisa. Kukaa nyumbani na kuacha tu, hapo ndipo tunapopata mimba zisizopangwa.

Kwa fedha ya mfuko wa jamii tumenunua mzani. Utakuwa kwa Katibu, na kila kikao cha kwanza cha mwezi mwenye kutaka atapima, aandike kwenye daftari lake mwenyewe. Kilo za mtu hazitasomwa kikaoni kama hisa. Lakini atakayeongezeka kilo mbili kwa wiki moja na miguu imevimba, aende zahanati siku hiyo hiyo, asingoje kikao.

Mtunza sanduku tumemchagua tena, dawa daktari amekwisha kuishusha, na sanduku lipo pale mbele. Muuguzi karibu, maswali ya dawa ni yako.